TAA MWENYE MADOA YA BULUU: JIRANI YETU ANAYEKWENDA KWA SAA YA MAJI



Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tushuke pwani. Nazungumzia pwani za Pemba kama ile ya Wambaa, kule wilaya ya Mkoani, Kusini Pemba, upande unaotazama mkondo wa Pemba na bara ya Tanga. Maji yakipwa huku kwetu, bahari inakuwa shamba. Mama anakwenda kwenye mwani wake, kijana anachokoa pweza, watoto wanaokota kombe na chaza. Wengi wao miguu mitupu au kandambili. Na kuna jina moja ambalo wote wanalitamka kwa hadhari: TAA.

Sio taa ya umeme. Ile hukatika. Huyu wa baharini hakatiki, na mwiba wake anao saa ishirini na nne.

Wengi tunamjua kwa mambo mawili tu: anachoma, na akikaushwa analika kwa muhogo. Baina ya hayo mawili kuna maisha mazima ambayo tukiyajua tutaumia kidogo zaidi, na yeye atabaki. Ndo sababu ya makala hii. (Kama dakika zako hapo kafe zinakaribia kwisha, ruka moja kwa moja mpaka penye UKICHOMWA UFANYE NINI. Hayo mengine utarudi kuyasoma siku nyengine.)

NI NANI HASA HUYU?

Taa wapo wa aina nyingi, na kwengine mwambaoni utawasikia wakiitwa nyenga. Wapo wakubwa kama meza ya chakula, wapo wadogo kama sahani ya pilau. Leo namzungumzia mmoja katika hao wadogo, yule wa rangi ya mchanga au kijani cha kahawia, mwenye madoa ya buluu inayong'aa mgongo mzima. Jina lake la kitaalamu ni Taeniura lymma. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki na maana yake ni mkia wa utepe, kwa sababu mkia wake una mistari miwili ya buluu, mmoja kila upande, kama utepe wa sare.

Aliyemwandika wa kwanza kitaalamu ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa yule Linnaeus aliyeanzisha utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini. Forsskål alikwenda Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, akamkuta samaki huyu Luhayya, kwenye Bahari ya Shamu. Malaria ikamuua hukohuko Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kikatolewa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye ndiye pekee katika msafara ule aliyerudi nyumbani salama. Kwa hiyo jirani yetu huyu alipewa jina katika nchi ileile ambayo majahazi yake yalikuwa yakija kwetu na upepo wa kaskazi.

Ukubwa wake: upana wa mwili haupiti sm 35 hivi, na ukipima toka pua mpaka ncha ya mkia unapata kama sm 80. Anapatikana toka Afrika Kusini na mwambao wetu, Bahari ya Shamu, mpaka Asia ya kusini mashariki na Australia ya kaskazini. Hapendi kina kirefu, ni nadra kumkuta chini ya mita 30. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, lakini huko hana shughuli. Kwake yeye dunia ni ukingo tu: mwamba, mchanga, majani ya bahari na maji yanayokuja na kuondoka.

USIMCHANGANYE NA NDUGU YAKE

Hapa wengi tunakosea. Yupo taa mwengine mdogo mwenye madoa ya buluu, na tofauti yao ina maana kubwa kwa mtu anayetembea majini.

Huyu wetu wa kwanza ana mwili wa yai, mrefu kidogo kuliko upana. Macho yake ni ya njano na yametokeza juu. Madoa yake ni makubwa na buluu yake ni kali, unaiona hata kwa mbali. Mkia ni mnene, na chini yake una ukosi wa ngozi unaokwenda mpaka kwenye ncha.

Yule wa pili ana mwili wa pembe kama kishada, mpana kuliko urefu. Usoni ana kivuli cheusi kinachopita kwenye macho kama mtu aliyevaa barakoa. Madoa yake yamefifia, na mwisho wa mkia una pete nyeusi na nyeupe. Huyu ni wa jamii ya Neotrygon. Zamani wataalamu waliwaweka wote wa sura hii chini ya jina moja, Neotrygon kuhlii, lakini tangu mwaka 2016 wamewagawa katika aina kadhaa.

Sasa tofauti yenyewe: yule wa barakoa hupenda kujifukia mchangani akabakisha macho tu. Huyu wa utepe hajifukii sana. Yeye hukaa chini ya mwamba, kwenye pango, au kwenye kivuli cha matumbawe, na mara nyingi utaona mkia tu umetoka nje. Kwa hiyo ukitembea mchangani mtupu, wa kumhofia zaidi ni yule aliyejifukia. Ukitia mkono chini ya jiwe kutafuta pweza, wa kumhofia ni huyu wa utepe. Wachokoaji pweza, hapo nadhani tumeelewana.

ANAISHI VIPI?

Kwanza hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kitu kilekile kilichomo kwenye sikio lako na ncha ya pua. Ndugu zake wa karibu ni papa. Ukimtazama vizuri utaona ni kama papa aliyelalishwa na kutandazwa.

Mdomo uko chini, macho yako juu. Maana yake ni kwamba chakula anachokula hakioni kabisa wakati anakila! Anakitafuta kwa kunusa, na kwa kitu chengine ambacho sisi hatuna. Kwenye pua na kuzunguka mdomo ana vitundu vidogo vilivyojaa ute, vinavyosikia umeme. Kila kiumbe hai kinatoa umeme kidogo sana, hata kaa aliyejificha mchangani ametulia tuli. Taa anausikia umeme huo. Vitundu hivyo vilielezwa na Mtaliana Stefano Lorenzini mwaka 1678, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake, ingawa kazi yake ya kusikia umeme ilikuja kujulikana miaka mingi baadaye.

Akishampata kaa, kamba, mnyoo au samaki mdogo, anamfunika kwa mwili kama kawa inavyofunika chakula, kisha anamsaga kwa meno yaliyopangwa kama mawe ya kusagia.

Anapumuaje wakati amelala chini na matamvua yake yako upande wa tumbo? Nyuma tu ya kila jicho ana tundu. Anavuta maji safi kwa juu kupitia hapo, anayatoa kwa chini. Lau angevutia kwa mdomo, angejaza mchanga.

Na ile harufu kali ya taa aliyechelewa sokoni? Taa na papa huhifadhi urea ndani ya damu na nyama, ili mwili usinyonywe maji na chumvi ya bahari. Wakifa, urea ile inageuka kuwa amonia. Ndo maana wazee wakamtia chumvi haraka na kumwanika akawa ng'onda. Hawakuwa na maabara, lakini jibu walilipata.

SAA YA MAJI

Hapa ndipo penye moyo wa habari yenyewe.

Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku mambo husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Kila mtoto wa pwani anayajua haya kabla hajajua kusoma saa ya ukutani.

Taa huyu anakwenda kwa saa hiyohiyo. Maji yakianza kujaa, anatoka mwambani pamoja na wenzake wanapanda kwenye tambarare za mchanga na majani kutafuta chakula. Maji yakipwa, wanarudi kwenye vivuli vya matumbawe.

Sasa fikiria na sisi. Tunashuka maji yakipwa, tunarudi yakianza kujaa. Yaani sisi tunatoka kazini wakati yeye anaingia zamu. Tunakutana njiani, maji ya kifundo cha mguu mpaka magoti, jua limeshachoka, mtu ana kapu kichwani na haangalii chini. Hiyo ndo saa ya hatari. Anayetaka pweza wa mwisho kabla maji hayajamtoa ndiye anayemkanyaga taa wa kwanza kuingia.

Sehemu ya pili ya hatari ni madimbwi. Maji yanapokimbia haraka wakati wa bamvua, taa mmoja mmoja anaweza kukwama kwenye dimbwi la mwambani. Hana pa kukimbilia, na wewe unaingia.

Dawa yake haina gharama. BURUZA MIGUU, usiinyanyue. Ukiburuza, mchanga unatikisika na taa anakusikia kabla hujamfikia. Anaondoka zake, kwa sababu hana ugomvi na wewe. Ukiwa na fimbo, pigapiga mbele yako. Na usitie mkono chini ya jiwe kabla ya kupitisha fimbo au chuma chako kwanza. Viatu vinasaidia kwa mawe na miiba ya urumbu, lakini mwiba wa taa hupenya kandambili na hata buti la mpira, kwa hiyo usivae kiatu ukajiona umemaliza.

MWIBA WENYEWE

Mwiba hauko kwenye ncha ya mkia kama nge. Uko juu ya mkia, na kwa huyu wa utepe umesogea nyuma zaidi kuliko taa wengine wengi. Kwa kawaida anakuwa na mmoja au miwili. Una meno pande zote mbili kama msumeno, na meno yanatazama nyuma, ndo maana unaingia kwa urahisi na unatoka na nyama. Umefunikwa na ngozi nyembamba, na kwenye mifereji ya chini mna tishu yenye sumu. Ukivunjika, unaota mwengine.

Taa hakimbizi mtu kwenda kumchoma. Anachoma pale anapokanyagwa, anaposhikwa au anapozibiwa njia. Zile rangi zake za kung'aa zinaaminika kuwa ni tangazo: mimi nina silaha, nipishe.

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 4 Septemba 2006, pale Steve Irwin, yule mtangazaji wa Australia aliyekuwa akicheza na mamba, alipofariki kwa mwiba wa taa kwenye mwamba wa Batt Reef, Queensland. Dunia nzima ilitetemeka. Lakini yule alikuwa taa mkubwa sana, na mwiba ulimchoma kifuani. Vifo vya namna ile ni nadra mno. Kinachotokea kwa kawaida ni jeraha la mguu lenye maumivu makali, na kidonda kinachoharibika kwa kutotibiwa vizuri. Watu hukosa kazi wiki kadhaa kwa sababu ya kidonda.

UKICHOMWA UFANYE NINI

1. Toka majini taratibu, usibaki peke yako. Maumivu huzidi katika dakika 30 mpaka 60 za mwanzo, na mtu anaweza kuzirai.

2. Osha jeraha kwa maji safi. Kama damu inatoka nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi.

3. Tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye MAJI YA MOTO ya kuvumilika, kama nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 mpaka saa moja na nusu. Sumu hii ni ya protini, na joto huipunguza nguvu. Muhimu: mtu mwengine apime maji kwanza, au wewe upime kwa mguu mzima, kwa sababu mguu unaouma hauwezi kukuambia kama unaungua. Maji ya kuchemka HAPANA.

4. Kama kipande cha mwiba kimeingia shingoni, kifuani au tumboni, USIKICHOMOE. Kiache palepale, mkimbize mgonjwa hospitali haraka. Pengine ndicho kinachozuia damu.

5. Hata kama ni mguu na maumivu yametulia, nenda kituo cha afya. Vipande vya mwiba hubaki ndani na mara nyengine huonekana kwa picha ya eksirei tu. Unahitaji kuangaliwa kama sindano yako ya pepopunda ina muda, na daktari ataamua kama unahitaji dawa za kuzuia kidonda kuoza.

Na sasa ya kutofanya: usikate jeraha kwa wembe, usinyonye damu, usifunge kamba mguu ukakosa damu. Mkojo sio dawa, hauna joto la kutosha. Na jamani, mafuta ya taa hayamtibu aliyechomwa na taa! Jina ni moja, uhusiano hakuna.

Ushauri wa bure kwa wenye ngalawa na mitumbwi: chupa moja ya chai yenye maji ya moto, changanya na ya baridi ikihitajika. Hiyo ndo huduma ya kwanza yako yote.

KWA NINI TUMUACHE AISHI?

Mtu atasema: kama anachoma, si bora aishe tu? Hapo ndipo hesabu inapokuja.

Samaki kama changu hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Taa hatagi. Anabeba mimba kama mbuzi. Watoto hulelewa tumboni, mwanzo kwa kiini cha yai, halafu kwa majimaji yenye lishe kama maziwa yanayotolewa na mfuko wa uzazi wa mama. Uzazi mmoja hauzidi watoto saba. Kila mtoto anazaliwa na upana wa sm 13 au 14, na madoa yake ya buluu tayari, nakala ndogo ya mama yake. Dume huanza kukomaa akiwa na upana wa kama sm 20.

Sasa vuta nyavu ya macho madogo juu ya majani ya bahari siku moja. Umechukua mama, umechukua na wanawe. Changu watarudi kwa wingi. Taa watachukua miaka.

Na nyumba yake pia tunaivunja. Uvuvi wa kigumi, ule wa kupigapiga miamba kuwafukuza samaki waingie wavuni, unabomoa hivyo vivuli anavyojificha. Ni marufuku, na kila mtu anajua bado upo. Pwani ya magharibi ya Pemba ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba mwaka 2005, na Misali ilianza kuhifadhiwa kabla yake, mwaka 1998. Karatasi tunazo. Kazi iliyobaki ni ya watu.

Utafiti mkubwa wa dunia uliotolewa mwaka 2021 ulionesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao wako hatarini kutoweka, na sababu kubwa kuliko zote ni uvuvi uliopita kiasi. Huyu wetu mdogo hayumo katika kundi hilo la hatari. Nzuri hiyo. Lakini ngoja nikwambie habari ya papa upanga. Ingawa tunamwita papa, kwa ukoo yeye ni wa upande wa taa. Wazee wengi wa mwambao walimjua kwa macho yao, na ule msumeno wake ulikuwa ukionekana majumbani. Leo muulize kijana wa miaka ishirini kama amewahi kumuona hai baharini. Hakuna aliyetangaza siku aliyokwisha. Alipungua tu, mmoja mmoja, huku kila mtu akidhani wapo kwengine.

Taa mdogo ana kazi yake. Anapofukua mchanga kutafuta minyoo, anaugeuza kama mkulima anavyogeuza udongo, na samaki wadogo humfuata kuokota mabaki. Yeye mwenyewe ni chakula cha papa wenye kichwa cha nyundo na pomboo. Ukimtoa katikati, mnyororo unalegea pande zote mbili.

Kwa hiyo wadau, ukimkuta dimbwini maji yamemkimbia, usimpige mawe kwa hasira ya aliyemchoma mjomba wako. Pita mbali. Maji yatajaa, atakwenda zake. Ukimkuta mchanga wavuni na ukaweza kumrudisha bila kumshika mkia, mrudishe. Na jioni ukirudi pwani na maji yanapanda, buruza miguu. Wewe unatoka kazini, mwenzio ndo anaingia.

Mwenye jina jengine la taa huyu huko kwao, au mwenye la kuongeza juu ya dawa ya mwiba, atumwagie hapo chini tujifunze sote.

Naomba kuwasilisha.